Kava la kochi la kushona nyumbani: usibanie kitambaa cha kuchomekea

Kava linalopasuka miezi miwili baada ya kushonwa huwa linapasukia mahali palepale: kwenye kona ya nyuma, pale kikalio, mgongo na mkono wa kochi vinapokutana. Watu hulaumu uzi. Kosa liko kwenye kukata. Mtu akiketi, sponji hubonyea na kuvuta kitambaa chini. Kama hakuna kitambaa cha ziada kilichochomekwa mwanyani, yaani kwenye nafasi iliyo kati ya kikalio, mgongo na mikono, uzito wote unabebwa na mshono.

Maelezo haya ni ya kochi la mtu mmoja lenye mikono iliyofunikwa kitambaa na mto wa kukalia unaotoka. Kochi la mninga lenye mikono ya mbao tupu halihitaji kazi hii, shonea mito yake foronya inatosha.

Kabla ya kununua chochote, lipindue kochi. Gonga fremu usikilize kama mchwa wameshaila, chungulia kunguni kwenye mishono, kaza mikanda iliyolegea chini. Kisha lianike. Kwa Mtwara na Lindi kazi hii ifanyike miezi ya upepo wa kusi, hewa ikiwa kavu, maana mvua zikishaanza kuelekea Desemba sponji hukaa na unyevu, na sponji bichi likifunikwa kava huota ukungu.

Kitambaa kizuri ni kadeti, drili ya pamba au jinzi nyepesi. Kanga ni nyembamba mno, itachanika kwenye mikono ndani ya muda mfupi. Iweke kwenye mito midogo ya kuegemea. Kitenge kinafaa ukikiwekea marekani kwa ndani. Kuhusu rangi, kumbuka msimu wa korosho: doa la maji ya mabibo halitoki kwa sabuni, kwa hiyo kahawia au rangi ya udongo itakutunzia heshima ya sebule kuliko nyeupe.

Kitambaa chenye upana wa sm 150 kinahitajika mita 6, cha sm 115 mita 8. Ongeza mita moja kama kina maua makubwa au mistari ya kulinganisha. Ongeza pia uzi wa polista roli mbili kubwa, sindano namba 16, zipu ya plastiki ya sm 60 na chaki. Zipu ya chuma usiiguse kama unakaa karibu na bahari, iwe Mikindani au Lindi mjini: chumvi huila meno yake hadi isifunguke. Hata pini za kawaida zikilala siku kadhaa kwenye kitambaa huacha vidoa vya kutu.

Fua kitambaa chote, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kunywea sm 3 hadi 5 kwa kila mita, na kava lililokaa sawasawa siku ya kwanza halitaingia tena baada ya kufuliwa.

Sasa vipimo. Toa mto. Pima kila upande penye upana mkubwa zaidi: mgongo wa ndani, mgongo wa nje, kikalio, mbele ya kikalio, mkono wa ndani, mkono wa nje, na uso wa mbele wa mkono. Kila ukingo wa kawaida ongeza sm 2 za mshono. Kila ukingo unaoingia mwanyani ongeza sm 15. Mfano, kikalio chenye upana wa sm 55 na kina cha sm 58 kinaingia mwanyani pande tatu, kwa hiyo kata sm 85 kwa sm 75. Mgongo wa ndani unaongezwa sm 15 chini, na mkono wa ndani vilevile. Sehemu ya kikalio iliyojificha chini ya mto unaweza kuikata kwa marekani, ukaacha sm 12 za mbele tu kwa kitambaa chenyewe.

Pale mkono unapokutana na mgongo ndipo wengi wanapokosea. Ziada ya sm 15 iko chini tu, kwenye usawa wa kikalio. Kadiri unavyopanda, ipunguze taratibu hadi juu ya mkono zibaki zile sm 2 za mshono. Ukiiacha sawa hadi juu, kitambaa kitajikusanya hapo kama furushi. Ukiikata yote, ndiyo ile kona inayopasuka.

Panga vipande juu ya kochi vikiwa ndani nje, nyuzi za urefu zikitelemka kuelekea sakafuni, uvibane kwa pini. Angalia jambo moja: kochi kuukuu mara nyingi limelala upande. Ukilipimia ndani nje, ukija kugeuza kava, umbo la mkono wa kushoto litahamia kulia. Kochi la namna hiyo lipimie kitambaa kikiwa upande wake sahihi, chora mishono kwa chaki, kisha geuza ushone.

Shona kwa mpangilio huu: mkono wa ndani na wa nje kwa juu, mgongo wa ndani na wa nje kwa juu, kikalio na mgongo wa ndani, mikono na kikalio, kisha na mgongo, mbele ya kikalio, nyuso za mikono, mwisho mishono miwili ya nyuma. Mmoja wa hiyo ya nyuma utiliwe zipu inayofungukia chini. Nyuso za mikono zipige bandi kwanza (mshono mkubwa wa muda wa kushikiza), kwa sababu mviringo huteleza chini ya cherehani. Ukishashona, kata vijino (mikato midogo) kila sm 1.5 kwenye ziada ya mshono wa mviringo bila kugusa uzi. Mishono 8 au 9 kwa inchi inatosha. Ikiwa midogo zaidi hutoboa kitambaa kama karatasi. Cherehani ikianza kuruka mishono kwenye tabaka nyingi, weka sindano namba 18.

Pindo la chini liishie sm 1.5 juu ya sakafu, lisinyonye maji unapodeki.

Ukilivisha kava, sukuma kitambaa mwanyani kwa mpini wa mwiko, kisha pachika juu yake magazeti yaliyoviringishwa na kufungwa kamba, unene wa kifundo cha mkono. Yatakizuia kupanda. Kochi likishakaliwa siku mbili tatu, toa mto uchomeke upya, kwa sababu kitambaa kipya hulegea kidogo mwanzoni.