Plough, cough, through: namna ninavyofundisha maneno ya OUGH

Juzi mwanafunzi wangu wa gredi ya sita, hapa Kanduyi, alisoma cough kama “kau”. Nikamuuliza maana yake, akasema ng'ombe. Sikumcheka. Dakika tano kabla nilikuwa nimemfundisha plough, kwa hiyo kosa lilikuwa langu: nilichanganya makundi ya matamshi ya ough mapema mno. Tangu siku hiyo nafuata mpango huu. Tafuta boksi tupu, makasi, maka peni na makopo sita.

Hatua ya 1: Anza na neno analolijua mtoto

Huku Bungoma plau haihitaji maelezo. Kata kadi, andika plough, isome “plau”. Ongeza bough, yaani tawi kubwa la mti, “bau”, na drought, ukame, “draut”. Tia zote tatu kwenye kopo la kwanza. Siku hiyo usiongeze la nne, hata wakikuomba.

Hatua ya 2: Waeleze gh ilikotoka

Watoto wangu wengi ni Wabukusu, na nyanya yao humwita kukhu. Nawaambia walitaje neno hilo polepole, waisikie kh inavyokwaruza koo. Asiye Mbukusu namtajia kheri. Waingereza wa kale walikuwa na sauti ya namna hiyo katika thought na daughter. Baada ya Wanormani, watu kutoka Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi wakazoea kuiandika gh. Baadaye ndimi zikaichoka: kwingine wakaidondosha, kwingine wakaigeuza f. Lakini William Caxton alipofungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster, mwaka 1476, tahajia ilikuwa inaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kubadilika. Sauti ikahama, herufi zikabaki zikilinda nyumba.

Usiiruke hatua hii. Mtoto akijua kwamba anayo sauti ambayo wenye lugha waliipoteza, anaacha kujiona mjinga.

Hatua ya 3: Makopo mengine

Kopo la pili: tough, gumu kama nyama ya jogoo mzee, rough, kitu kinachokwaruza, enough, ya kutosha. “Taf, raf, inaf.” La tatu: cough, kukohoa, na trough, hori la kunyweshea mifugo. “Kof, trof.” Yule wa “kau” namtaka akohoe kila anapoishika kadi yake.

La nne: though, ingawa, inaanza kwa dh ya dhambi, “dhou”, dough ni kinyunga cha chapati, “dou”. La tano: thorough, kwa ukamilifu, “thara”, pamoja na borough, mji au sehemu ya mji yenye utawala wake, “bara”. Through, kupitia, “thru”, ina th ya thelathini. Haina mwenzake, kwa hiyo naiweka mezani peke yake.

Hatua ya 4: Bought na brought

Hapa tumia jioni nzima. Kopo la sita lina o ndefu, ile ya choo: thought, alifikiri, fought, alipigana, ought, anapaswa, bought, alinunua, brought, alileta. Matamshi hayawasumbui, kinachowachanganya ni maana ya maneno. Mmoja aliandika kwenye insha: My uncle bought me to Chwele market. Kwa hiyo mjomba alimnunua hadi sokoni Chwele! Tulicheka wote, naye pia, kisha nikawaonyesha r. Bring ina r, brought nayo ina r. Buy haina, bought pia haina. Nikakiandika kitenzi cha sasa nyuma ya kila kadi, na kosa hilo halijarudi.

Hatua ya 5: Taja maana, si neno

Usiwakaririshe orodha, wataiimba kama wimbo na wasijue lolote. Mwaga kadi zote mezani, sema “ukame”, na mtoto aitafute drought. Mtego wake ni kwamba ina ought ndani, na wengi huisoma kwa o ya choo. Akikosea, asikie “plau” tena, kisha aijaribu upya.

Anayemaliza bila kusita nampa kadi ya mwisho: hiccough, kwikwi. Husomwa “hikap”. Watu walidhani kwikwi ni jamaa ya kikohozi, wakaibandika cough mkiani. Kadi hiyo haina kopo, naiweka mfukoni mwangu.