Kichwa cha video ya afya: kiandike kama kitasomwa peke yake

Video za afya huku Tanga huzunguka zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp, na wengi husoma kichwa wakapita. Kwa hiyo kichwa chenyewe ni ushauri. Kikipotosha, video iwe nzuri vipi haitamfaa asiyeifungua.

Hatua ya 1. Andika swali moja ambalo video inajibu. Yakiwa mawili, hizo ni video mbili.

Hatua ya 2. Ingia YouTube, anza kuandika swali hilo kwenye sehemu ya kutafutia, kisha tulia. Yanayojitokeza chini ndiyo watu wanayotafuta. Wakiandika "presha ya kupanda", achana na "shinikizo la juu la damu".

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Tanguliza jambo ambalo mtu akilikosea ataumia. Chukua video ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kumpa anayeharisha. "Tiba ya kuharisha kwa watoto" si kosa, ila hakimsaidii mtu. Pakiti iliyozoeleka ni ya maji safi lita moja. Mama mwenye chupa ya lita moja na nusu ataijaza mpaka shingoni, dawa iwe nyepesi mno. Andika: "Mtoto anaharisha? Pakiti moja ya ORS, maji lita moja". Hata asiyefungua ameondoka na kipimo.

Mabusha nayo, sisi watu wa pwani tunayajua. Vidonge vya kingatiba hupambana na minyoo inayoenezwa na mbu. Busha lililokwisha kukua linataka upasuaji. Basi usiandike "Dawa ya mabusha". Andika "Busha limeshakua: kwa nini vidonge havitoshi", na yule anayejisitiri kwa msuli miaka yote atafungua.

Hatua ya 4. Punguza. YouTube inaruhusu herufi 100, lakini kwenye simu mara nyingi mwisho hukatwa. Salamu na jina la chaneli ziondoke. "Hutaamini" na "pona kisukari siku saba" futa kabisa. Mimi nikiviona hivyo sifungui.

Hatua ya 5. Msomee mtu asiye wa fani, hata bodaboda wa Ngamiani, umuulize: "Hapo umeelewa ufanye nini?" Akijibu kinyume na video, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6. Baada ya wiki tazama takwimu. Wakifungua wengi na kutoka sekunde za mwanzo, kichwa kimeahidi kisichokuwemo. Kibadilishe, kiungo ulichokwisha kusambaza kinabaki kilekile.