Lipu ya nyumba ya kale Mji Mkongwe: acha saruji, tafuta chokaa

Wengi wenye nyumba za kale pale Mji Mkongwe, Unguja, wakiona ukuta unamenyuka wanakimbilia mfuko wa saruji, jamani tusifanye hivyo. Nyumba hizi za enzi ya masultani, toka Seyyid Said mpaka Barghash (aliyetawala 1870-1888), ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, kuta nene, vyumba virefu vyembamba sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3 hivi. Ukuta huo unanyonya maji kisha unayatoa kwa hewa, ukiuziba na saruji maji yanakwama ndani, yanapanda taratibu mpaka yanafika kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, boriti ikioza ndo dari linashuka.

Anza kutafuta maji yanaingilia wapi, paa, bomba au mfereji ulioziba. Kibali uchukue Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujagusa kitu.

Halafu gonga ukuta kwa vidole. Panapolia kama debe tupu lipu imeshaachia, bandua kwa patasi na nyundo ndogo, mashine kubwa hapana, matumbawe yanavunjika. Ukikuta unga mweupe kama wa muhogo hiyo ni chumvi, ipanguse na brashi kavu, ukimwagia maji unairudisha ndani.

Chokaa ikishazimwa, yaani ikishatiwa maji (angalia macho, inachemka kweli kweli), iache imezama kwenye maji wiki kadhaa, ikikaa miezi ndo inakuwa laini kama samli na fundi mwenyewe ataifurahia. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga wa ufukweni usiutie kabisa, una chumvi.

Lowesha ukuta vizuri, piga tabaka jembamba, sentimita 1 inatosha, subiri likaze siku kadhaa ndo upige la pili. Hapa ndo watu wanaharibu kwa haraka, chokaa inakaza kwa hewa pole pole, jua likiipiga inapasuka pasuka kama tope la kiangazi, kwa hiyo tundika magunia yaliyoloweshwa na uyamwagie maji asubuhi na jioni.

Mwisho paka chokaa ya maji, mikono mitatu minne myepesi. Rangi ya plastiki usiipake hata kama ni ya bei kubwa, inaziba ukuta vile vile kama saruji.