Jarida la sayansi la darasa: anza na karatasi mbili tupu

Juzi mwalimu mwenzangu wa Sengerema kanipigia: "Mwalimu, jarida limetoka, lakini ukurasa wa pili na wa saba miguu juu!" Nilimwelewa. Toleo langu la kwanza hapa Mwanza lilinilia nusu rimu. Basi nimeandika ninavyofanya siku hizi na Kidato cha Pili.

Hatua ya 1: Makundi. Wanafunzi watano watano, kila kundi na habari yake moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ule mtindo wa kundi la waandishi, kundi la wachoraji na kundi la wahariri siutaki. Wahariri hukaa wiki nzima wakisubiri, kisha wanagombana na kila mtu.

Hatua ya 2: Swali. Ukiwapa "Ziwa Victoria" watanakili kitabu. Wape jambo la kwenda kuuliza. Kundi moja lilikwenda Mwaloni, Kirumba, kumuuliza mama muuza dagaa kwa nini bei hupanda na kushuka. Akawaambia watazame mwezi: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, wavuvi wengi hupumzika. Wakaandika bei ya sado kila siku, pembeni wakichora umbo la mwezi wa usiku uliopita. Kundi lingine liliweka ndoo mbili za maji juani, moja ina magugu maji, wakapima kwa rula ipi inapungua haraka. Magugu waletewe na mtu mzima. Mtoto asiingie ziwani kuyachuma, kichocho hupenya kwenye ngozi.

Hatua ya 3: Waandike, wabadilishane na kundi la jirani, wasahihishe.

Hatua ya 4: Kupanga kurasa. Hapa ndipo nilipolia. Usibandike chochote kabla ya kufanya hivi: chukua karatasi mbili za A4, zilaze pamoja, zikunje katikati. Una kijitabu cha kurasa 8. Bila kuzitenganisha, andika namba 1 hadi 8 kwa penseli, kila namba chini ya ukurasa wake. Sasa zifungue. Karatasi ya nje ina 8 kushoto na 1 kulia; nyuma yake 2 na 7. Ya ndani ina 6 na 3. Nyuma yake 4 na 5. Kila jozi ikijumlishwa ni 9. Isipokuwa 9, umekosea, rudia.

Mimi nilipeleka kurasa steshenari kwa mpangilio wa kusoma, 1 na 2, 3 na 4. Kijana akatoa kopi sitini kama nilivyompa. Kosa langu.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Mkiwa na habari za kurasa sita, mbili zilizobaki zijazwe chemshabongo. Acheni sentimita moja pembeni na kwenye mkunjo, mashine hula maandishi ya ukingoni. Wanaoandika kwenye A4 ili ipunguzwe wajue itashuka hadi asilimia 71 hivi, na mwandiko mdogo utakuwa sisimizi. Mimi nawaandikisha moja kwa moja kwenye nusu karatasi. Na kama mashine inatoa pande mbili yenyewe, mwambieni mhusika karatasi igeuke kwa upande mfupi. Hapo ndipo mwenzangu wa Sengerema aliponaswa. Toeni kopi MOJA, ikunjeni, isomeni, ndipo mtoe zilizobaki.

Hatua ya 5: Michoro. Kalamu nyeusi tu. Penseli haitoki, na picha ya simu ikipita kwenye fotokopi, sangara na sato wote huwa doa jeusi.

Hatua ya 6: Kunja, piga stepla mbili mgongoni, gawa. Kopi moja mpelekeeni yule mama wa Mwaloni. Sisi tulichelewa, akawauliza watoto kama walikuwa wanasubiri giza.