Barolo imefika Dodoma: usiilaze kwenye friji

Shemeji alirudi kutoka Italia na chupa mbili za Barolo, mvinyo mwekundu wa huko. Ya kwanza niliiua mwenyewe. Niliilaza kwenye friji usiku kucha, jioni nikaimimina ya baridi vile vile. Baba mkwe akakunja uso kama aliyetafuna bibo bichi, kisha akaniuliza taratibu kama nimeongeza maji, maana rangi ilikuwa hafifu kama tofali.

Ndivyo Nebbiolo, zabibu inayotengeneza Barolo, ilivyo: rangi kidogo, ukakasi mwingi. Sisi tuliozoea mvinyo mtamu tunadhani imeharibika.

Kwanza soma lebo. Barolo inatoka vilima vya Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Ukiona na jina kama Cannubi au Brunate, hapo ndipo zabibu zilipolimwa. Kwetu zabibu za Hombolo na za Mpunguzi zinaweza kukutana kwenye tangi moja na hakuna anayeuliza. Watengenezaji wa kizamani huacha maganda yaloweke hata mwezi na zaidi, kisha mvinyo hukaa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni. Sheria yao inataka miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mbao.

Siku moja kabla, isimamishe chupa ili mashapo yazame.

Sasa joto, na hapa ndipo Dodoma inapotusumbua. Inatakiwa nyuzi 16 hadi 18, na sebule yangu mwezi wa Novemba ni tanuri. Chupa ya pili niliizungushia kanga iliyoloa, nikaiweka kivulini dirishani penye upepo. Kanga ikikauka, naimwagia tena. Hewa yetu ni kavu, maji yanaondoka na joto (Dar usijaribu, utaishia na kanga iliyovunda). Ukigusa chupa ukaikuta baridi kama maji ya mtungini, tosha. Upepo ukikosekana, friji saa moja tu.

Saa tatu kabla ya kula, chomoa kizibo polepole, kisha mimina kwenye jagi la kioo. Lile la plastiki la juisi ya ukwaju liache, harufu hailitoki. Mwanangu alinishikia tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa. Mvinyo ukapita mwangavu, mwangavu, halafu kikaja kiuzi cheusi kama moshi. Hapo hapo nikasimamisha mkono.

Mwanzoni haikunukia kitu. Muda wa kula ulipofika ikatoa waridi, na nyuma yake lami iliyopigwa jua.

Kula na mbuzi choma mwenye mafuta na chumvi ya kutosha, ukakasi utang'ang'ania nyama uache ulimi. Pilipili punguza. Mlenda, nisamehe, hapana. Baba mkwe safari hii alisogeza glasi mara ya pili bila kusema neno.

Mashapo yaliyobaki, kama kidole kimoja, niliyatia kwenye mchuzi wa kesho yake.