Uvimbe wa katikati ya shingo kwa mtoto: usiutumbue kama jipu

Somo hili ni kwa matabibu wa zahanati na vituo vya afya, Kongwa hadi Mpwapwa.

Kwanza tazama ulipo. Uvimbe wa mviringo, laini, usiouma, katikati ya shingo juu kidogo ya kikoromeo, mara nyingi ni kifuko cha ute. Tezi ya thairoidi, tezi ya shingoni inayotoa homoni, huanzia kwenye shina la ulimi mimba ikiwa changa, ikashuka shingoni. Njia yake isipojifunga, kifuko hubaki.

Pili, ushike kwa vidole viwili. Mtoto ameze maji, kisha atoe ulimi. Uvimbe ukipanda wakati ulimi unatoka, umeshikamana na mfupa wa haiodi, mfupa mdogo ulio juu ya kikoromeo. Rovu hupanda kwa kumeza tu. Matezi ya TB huwa zaidi pembeni. Uliza kikohozi, homa, kukonda, na nani nyumbani anatumia dawa za TB.

Tatu, utrasaundi. Mpimaji aandike wazi kama tezi yenyewe ipo mahali pake, maana kuna watoto ambao uvimbe huo ndiyo tezi yao pekee. Ukitolewa, atameza levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, maisha yote. Pima na TSH, kipimo cha damu cha kazi ya tezi.

Ukiwa mwekundu na kuuma, mpe antibayotiki kwa uzito wake. Usaha uvutwe kwa sindano. Ukiupasua, tundu hubaki likitoa ute na kovu humtatiza mpasuaji. Upasuaji usubiri wiki 6 hivi.

Upasuaji wenyewe ni wa daktari mpasuaji Sistrunk, wa mwaka 1920: kifuko, kipande cha kati cha haiodi, na nyama ya njia hadi shina la ulimi hutoka pamoja. Mfupa ukiachwa, uvimbe hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa; ukitolewa, chini ya 10 kati ya 100. Usiku wa upasuaji, shingo ikivimba na pumzi ikabana, damu imejikusanya: fungua nyuzi palepale kitandani.

Maswali ya wazazi

Daktari, bibi yake mtoto anataka akachanjwe chale. Kuna ubaya?
Upo, mama. Chale huingiza vijidudu, na kifuko kinabaki ndani.

Akikatwa mfupa ataongea?
Ataongea na kumeza vizuri. Siku chache za mwanzo koo litauma. Mpe uji mwepesi, usiwe wa moto.

Hauumi. Tuuache?
Muone daktari wa masikio, pua na koo Dodoma mjini kabla haujapata usaha. Uliokwisha kuambukizwa ni mgumu zaidi kuutoa wote.