Jinsi ya Kupima Kama Maendeleo ya Nyota Chipukizi wa Mpira wa Kikapu Yatadumu

Kijana aliyekuwa akifunga wastani wa pointi 18 kwa mechi anapopanda ghafla hadi 24, anza kwa kutazama dakika zake. Gawanya pointi zake kwa dakika alizocheza, zidisha kwa 36 ili upate pointi zake kwa kila dakika 36, na ufanye hivyo kwa misimu yote miwili. Ikiwa tofauti inayeyuka, kilichoongezeka ni nafasi aliyopewa na kocha, na nafasi hiyo huweza kutoweka siku mwenzake aliyeumia atakaporejea uwanjani.

Ikiwa tofauti inabaki, tafuta pointi za ziada zinatoka wapi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huvutiwa na asilimia ya mitupo ya pointi tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo takwimu inayodanganya kuliko zote. Mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni kuingiza mitupo 35 katika kila 100 anaweza, kwa bahati tupu, kumaliza mitupo 100 akiwa ameingiza 40 au 30, bila mkono wake kubadilika hata kidogo. Hata akifikisha mitupo 500, bahati bado inaweza kuisogeza asilimia yake juu au chini kwa takriban nne. Kwa hiyo mwezi mmoja mzuri hauthibitishi lolote.

Mtupo huru, ule unaopigwa baada ya faulo, ni shahidi mwaminifu zaidi, kwa kuwa umbali ni uleule, hakuna anayemkaba mtupaji, na kinachopimwa ni mkono wenyewe. Brandon Ingram, mchezaji wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, anafaa kuwa mfano. Msimu wa 2018/19, akiwa Los Angeles Lakers, aliingiza asilimia 67.5 ya mitupo huru na 33 ya mitupo ya pointi tatu. Msimu uliofuata, akiwa New Orleans Pelicans, viwango hivyo vilifika takriban 85 na 39, na wastani wake ukapanda kutoka pointi 18.3 hadi 23.8 ingawa dakika zake zilibaki karibu 34 kwa mechi. Alitunukiwa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi katika NBA. Mwaka 2021/22 mitupo yake ya pointi tatu ilirudi karibu asilimia 33, lakini mitupo huru ilibaki juu ya 80 na wastani wake juu ya pointi 22. Sehemu iliyotegemea mkono ilidumu. Ile iliyo rahisi kuyumbishwa na bahati iliyumba.

Umri nao una uzito wake: hatua ya ghafla ya kijana wa miaka 21, ambaye mwili wake bado unakomaa, inaaminika zaidi kuliko ya mchezaji wa miaka 28.

Baada ya hesabu, tazama mechi zenyewe, hasa zile dhidi ya timu zilizokwisha kumkabili mara mbili au tatu, kwa kuwa makocha wapinzani huwa wamekwisha kujua upande anaopenda kupitia na mahali anapopenda kusimama. Angalia kama, anapozibiwa njia yake ya kawaida, ana njia ya pili au anaachia mpira na kujificha pembeni. Katika mtoano wa NBA, ambako timu mbili huweza kukutana hadi mara 7 mfululizo, jibu la swali hilo huonekana upesi zaidi kuliko katika mechi 82 za msimu wa kawaida.